Apnea ya usingizi: kifaa kidogo cha mdomoni kinachofanya kazi bila umeme

Katika nyumba nyingi, mtu anayekoroma usiku ni kichekesho cha familia. Watoto wanamwiga, bibi yake anamsukuma ili ageuke upande, na asubuhi mambo yanaishia katika kucheka. Wengine wanaamini hata kwamba kukoroma ni alama ya usingizi mzuri, usingizi wa mtu aliyeshiba na kuchoka.

Lakini kuna mkoromo ambao hauchekeshi. Mtu anakoroma kwa nguvu, kiisha ghafla kunakuwa kimya. Kifua kinajaribu kupanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Zinapita sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi ya 30. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, na mkoromo unaanza tena. Yeye mwenyewe hajui kitu. Asubuhi anaamka na kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia kwenye kiti, katika kanisa, ao, jambo baya zaidi, nyuma ya usukani wa gari.

Waganga wanauita ugonjwa huo apnea ya usingizi ya kuzibika kwa koo. Mwaka 2019, watafiti walioandika katika jarida la waganga The Lancet Respiratory Medicine walikadiria kwamba duniani kote watu milioni 936 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 69 wako nao, na kwamba milioni 425 kati yao wako katika kiwango cha katikati ao kikali. Wengi hawajawahi kupimwa. Dawa yake inayojulikana zaidi ni mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, na mashine hiyo inataka umeme. Kwa mkaaji wa Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, neno hilo peke yake linatosha kuleta maswali.

Kuna njia nyingine, isiyosemwa sana: kifaa kinachovaliwa mdomoni wakati wa kulala, kinacholetea taya ya chini mbele kidogo. Hakina waya, hakina injini, hakipigi kelele, na kinaingia katika mfuko wa shati. Hakiponyeshi kila mtu. Lakini kwa mgonjwa wa kiwango cha chini ao cha katikati, na kwa yule aliyeshindwa kuvaa mashine, ni matibabu ya kweli, yaliyopimwa na kukubaliwa na waganga wa usingizi.

Koo linalofunga mlango

Ili kuelewa namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, lazima kwanza kujua kinachotokea ndani ya koo. Pua na kifua vimeunganishwa na njia ambayo, nyuma ya ulimi, haina mfupa wa kuishika. Ni nyama laini tu. Mchana, misuli inaivuta na kuiacha wazi. Usiku misuli inalegea, ulimi unaanguka nyuma, hasa kwa mtu anayelala chali, na njia inakuwa nyembamba. Hewa ikipita kwa shida, nyama inatetemeka: huo ndio mkoromo. Njia ikifunga kabisa, mkoromo unakatika, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Oksijeni inashuka katika damu. Ubongo unapiga kengele, moyo unaenda mbio, mtu anaamka nusu, misuli inakaza, hewa inapita. Mambo hayo yanaweza kurudia mara nyingi sana kila saa. Waganga wanahesabu: mara 5 hadi 15 kwa saa ni kiwango cha chini, 15 hadi 30 ni cha katikati, 30 na kuendelea ni kikali. Mtu wa kiwango kikali akilala saa 7, koo lake limeziba ao kubana zaidi ya mara 200 kabla ya jua kutoka. Haishangazi kwamba anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Moyo na mishipa ya damu navyo vinalipa. Apnea ya usingizi inakwenda pamoja na ugonjwa wa tansio, hasa ile tansio ya kichwa kigumu ambayo haishuki hata mgonjwa anapokunywa dawa tatu tofauti. Unene ni sababu kubwa, lakini si sababu ya pekee. Mtu mwembamba mwenye taya ndogo ao taya iliyorudi nyuma anaweza kuwa nao. Wanawake wanaupata pia, zaidi baada ya kukoma kwa siku zao, na mara nyingi wanasahauliwa kwa kuwa kila mtu anafikiri kukoroma ni mambo ya wanaume.

Mashine nzuri inayolala katika sanduku

Hadi miaka ya 1970, mgonjwa aliyezidiwa na apnea alitobolewa shingo ili hewa ipite chini ya mahali panapoziba. Ilikuwa dawa ya kukata tamaa. Mwaka 1981, mganga Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, katika Australia, walitangaza katika jarida The Lancet habari za wagonjwa 5 waliolala vizuri kwa kupuliziwa hewa puani. Hewa hiyo inasukuma nyama za koo kutoka ndani, sawa vile upepo unavyoshika wazi mfuko wa plastiki. Mashine iliyozaliwa hapo inajulikana leo kwa jina CPAP, na waganga wanaosema Kifaransa wanaiita PPC.

Lazima kusema wazi: katika kufungua koo, hakuna kinachoishinda. Mtu akiivaa usiku kucha, kuziba kwa koo kunakaribia kwisha, hata kwa mgonjwa wa kiwango kikali. Shida iko katika hayo maneno, "akiivaa usiku kucha". Kuna kinyago usoni, mikanda kichwani, mpira wa hewa unaovutwa kila mtu anapogeuka. Wengine wanahisi kama wanakosa pumzi. Wengine wanaona haya mbele ya bibi ao bwana. Katika kila inchi ambako mashine hizi zinatolewa, wako wagonjwa wengi wanaoitoa baada ya saa mbili ama tatu, na wengine wanaoirudisha katika sanduku lake baada ya wiki moja, isionekane tena.

Hayo ni katika inchi zenye umeme usiku na mchana. Huku mashariki ya Kongo, delestaji ni sehemu ya maisha. Bukavu inategemea mabwawa ya Ruzizi, na wakaaji wake wanajua vizuri kwamba chupa za plastiki zinazoelea kutoka ziwa Kivu zinaweza kuziba mashine za bwawa na kuacha mitaa mizima katika giza. Ni kweli kwamba mashine nyingi za hewa zinaweza kutumia batri, na kwamba mwenye paneli za jua anaweza kujipanga. Lakini batri ina bei yake, vichungi vya hewa na vinyago vinachakaa na vinataka kubadilishwa, na vipuri haviuzwi katika kila farmasi. Umeme ukikatika saa saba ya usiku, mashine inanyamaza, na koo linarudi katika tabia yake.

Wazo la zamani la Mfaransa mmoja

Kifaa cha mdomoni si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1902, Pierre Robin, mganga wa mdomo na meno wa Ufaransa, alieleza kifaa cha kipande kimoja kilichosukuma taya ya chini mbele. Robin alihangaishwa na watoto wachanga waliozaliwa na taya ndogo, ambao ulimi wao ulianguka nyuma na kuwanyima pumzi. Hadi leo hali hiyo ya watoto inaitwa kwa jina lake katika hospitali za dunia nzima. Wakati ule apnea ya watu wazima haikuwa hata na jina. Ni katika miaka ya 1970 ambapo Mfaransa mwingine, Christian Guilleminault, aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, aliieleza pamoja na wenzake kama ugonjwa kamili. Katika miaka ya 1980 ndipo waganga wa meno walipolirudilia wazo la Robin.

Kanuni yake ni nyepesi. Ulimi umeshikamana na taya ya chini. Ukivuta taya mbele, ulimi unaifuata, na nafasi nyuma yake inapanuka. Anayetaka kuhakikisha ajaribu sasa hivi: akoromee kwa makusudi huku mdomo umefungwa, kiisha asukume meno ya chini mbele ya yale ya juu na ajaribu tena. Wengi watashindwa kutoa sauti ileile. (Jaribio hilo halipimi ugonjwa, ni la kuelewa tu.)

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili, moja inavaa meno ya juu, nyingine ya chini, kwa plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kufuata meno ya mgonjwa mwenyewe. Sehemu hizo zinaunganishwa na vyuma vidogo, mikanda ama skrubu zinazomwezesha mganga kusogeza taya milimita kwa milimita. Mtu anaweza kufungua mdomo kidogo, kumeza mate, hata kusema maneno machache. Asubuhi anakitoa, anakisugua kwa mswaki na maji baridi, anakikausha. Maji ya moto yanakipinda.

Sydney yapima vyote viwili

Jambo la kushangaza ni kwamba moja ya majaribio yaliyokisaidia zaidi kifaa hicho ilifanyika katika mji uleule ulioizaa mashine ya hewa. Mwaka 2013, Craig Phillips, Peter Cistulli na wenzao wa Sydney walitangaza matokeo ya wagonjwa 126, wengi wao wa kiwango cha katikati na kikali. Kila mmoja alitakiwa kutumia mashine kwa mwezi mmoja na kifaa cha mdomoni kwa mwezi mwingine, na kupimwa baada ya kila kimoja.

Katika kupunguza kuziba kwa koo, mashine ilishinda bila ubishi: mara 4 ama 5 hivi kwa saa zilizobaki, kulinganisha na 11 kwa kifaa. Kama mambo yangeishia hapo, hakungekuwa na habari ya kuandika. Lakini watafiti walihesabu pia saa za matumizi. Mashine ilivaliwa kwa wastani wa saa 5.2 kila usiku, kifaa saa 6.5. Kiisha wakapima tansio kwa saa 24, usingizi wa mchana, na namna wagonjwa walivyoongoza gari katika chombo cha mazoezi. Tofauti kati ya matibabu hayo mawili haikuonekana. Katika sehemu kadhaa za maswali juu ya hali ya maisha, kifaa kilipata alama bora.

Kuna tahadhari moja. Mashine inajihesabia saa zenyewe, haidanganyi. Saa za kifaa zilitoka katika kinywa cha wagonjwa, na mgonjwa anaweza kujiongezea. Tena mwezi mmoja ni muda mfupi. Hata hivyo, maana ya jaribio hilo inaeleweka na kila mama aliyewahi kumpa mtoto dawa chungu: dawa yenye nguvu inayotemwa na dawa ya nguvu ya katikati inayomezwa yote zinaweza kufika mahali pamoja.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, chama cha Marekani cha waganga wa usingizi na kile cha waganga wa meno wanaoshugulika na usingizi walitoa mwongozo wa pamoja. Walisema mgonjwa mtu mzima asiyevumilia mashine, ao anayependelea njia nyingine, apewe kifaa cha mdomoni kuliko kuachwa bila matibabu. Waliweka masharti: kitengenezwe na mganga wa meno mwenye ujuzi, kwa vipimo vya mgonjwa, kiwe cha kurekebishwa, na mgonjwa apimwe tena usingizi akiwa amekivaa. Katika Ufaransa, bima ya magonjwa inakilipia kwa wagonjwa fulani, hasa walioshindwa mashine.

Si kila mdomo unakubali

Kifaa kinashika meno, kwa hiyo lazima meno yawepo na yawe imara. Mtu mwenye fizi zinazotoka damu na meno yanayotikisika anatakiwa kutibiwa hayo kwanza. Anayeumwa na viungo vya taya karibu na sikio anaweza kuumia zaidi. Na kuna aina nyingine ya apnea, ambapo koo liko wazi lakini ubongo ndio unaosahau kutoa amri ya kupumua. Hiyo haisaidiwi kitu kwa kusogeza taya. Kwa mgonjwa wa kiwango kikali, hasa mnene sana ambaye oksijeni yake inashuka chini, mashine inabaki chaguo la kwanza. Kifaa kinaweza kumsaidia akiikosa ao akiishindwa, mradi asidhani amepona.

Siku za mwanzo hazipendezi. Mate yanajaa, ao mdomo unakauka. Asubuhi meno yanauma na taya ni nzito; kwa wengi hayo yanapungua baada ya wiki chache. Kinachotaka macho zaidi ni mabadiliko ya polepole: baada ya miaka ya kuvaa kifaa kila usiku, meno yanaweza kusogea na namna ya kuuma ikabadilika. Wengine hawaoni tofauti. Wengine wanagundua siku moja kwamba meno ya mbele hayakutani kama zamani. Ndiyo sababu mganga wa meno anatakiwa kuwaona tena na tena, hata kama hawalalamiki.

Kurekebisha nako kunataka uvumilivu. Mganga haanzi kwa kuvuta taya hadi mwisho. Mara nyingi anaanza karibu na nusu ya mahali taya inapoweza kufika, kiisha anaongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akiuliza juu ya mkoromo, uchovu na maumivu. Mgonjwa anayetaka kwenda haraka anaishia kukitupa.

Vile vya bei rahisi, na mtego wao

Kwenye intaneti kunauzwa vifaa ambavyo mtu anavilowesha katika maji ya moto, anaviuma, na vinachukua sura ya meno yake. Bei yake ni ndogo sana kulinganisha na kile cha kutengenezwa, ambacho huko Marekani kinapita dola elfu moja. Je, vinafaa kitu? Watafiti wa Uingereza walijiuliza swali hilohilo. Mwaka 2014 walitangaza jaribio la wagonjwa 90 wa kiwango cha chini na cha katikati waliojaribu aina tatu: cha maji ya moto, cha kati ambacho mgonjwa anajichukulia alama ya meno nyumbani na kuituma kwa fundi, na kile cha mganga wa meno. Vyote vitatu vilipunguza kuziba kwa koo kuliko kukaa bila kitu. Cha maji ya moto kilikuwa cha mwisho, na wagonjwa hawakukipenda. Cha kati kilionekana kuwa na faida nzuri kulingana na bei yake, na leo miongozo ya afya ya Uingereza inakubali cha kati na cha mganga.

Mtego ni huu. Kifaa chochote kinachosogeza taya kinaweza kunyamazisha mkoromo. Nyumba inatulia, bibi analala, kila mtu anafikiri ugonjwa umekwisha. Lakini koo linaweza kuendelea kuziba bila kelele. Mtu aliyejinunulia kifaa bila kupimwa anaweza kuwa ameondoa kengele na kuacha moto uwake. Dereva wa lori, motari, mtu wa tansio: hao hawatakiwi kuridhika na kimya.

Kabla ya kutafuta kifaa

Kipimo kamili kinafanywa usiku, kwa chombo kinachoandika pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo, hospitalini ao hata nyumbani. Mahali ambapo chombo hicho hakipatikani kwa urahisi, kuna maswali 8 yaliyopangwa mwaka 2008 na mganga Frances Chung wa Toronto, Canada, ambayo mganga yeyote anaweza kuyauliza katika dakika mbili bila mashine. Je, mtu anakoroma kwa nguvu ya kusikika nyuma ya mlango? Anachoka ao kusinzia mchana? Kuna aliyemwona akikatika pumzi? Ana tansio? Ni mnene sana? Amepita miaka 50? Shingo yake inapita sentimita 40? Ni mwanaume? Mwenye "ndiyo" tatu ao zaidi ana sababu ya kutafuta kipimo. Mwenye tano na zaidi asingoje.

Wakati huohuo kuna mambo yasiyolipiwa. Kuacha pombe jioni, kwa kuwa inalegeza koo. Kutokunywa vidonge vya usingizi bila mganga. Kulala kwa ubavu kuliko chali. Kupunguza uzito, kwa mwenye uzito wa kupunguza. Kwa wagonjwa wa kiwango cha chini, hayo peke yake wakati mwingine yanaleta tofauti.

Upande wa kutengeneza, si kila kitu kiko mbali. Kuchukua alama ya meno, kumimina plasta, kupika plastiki ngumu ya rangi ya waridi ao ya wazi: fundi wa meno bandia anaijua kazi hiyo, kwani plastiki ni ya ukoo uleule. Kinachokosekana kwa kawaida ni viungo vya kurekebisha, na zaidi ujuzi wa kusoma taya na kusogeza kwa kipimo. Mgonjwa anayeambiwa "tunaweza kukutengenezea" ana haki ya kuuliza maswali matatu: kama kifaa kinasogezeka baada ya kutengenezwa, nani atamfuatilia meno yake baada ya miezi sita, na wapi atapimwa usingizi akiwa amekivaa. Asiye na meno kabisa aulize juu ya aina nyingine, inayoshika ulimi wenyewe kwa kuunyonya katika mfuko mdogo laini. Ilielezwa na Wamarekani Rosalind Cartwright na Charles Samelson mwaka 1982, na wengi wanaiona ngumu kuvumilia, lakini haihitaji jino hata moja.